Si mbawa, ni tenga: historia ya mdondo wa njiwa

Nimepotea kidogo, si mnajua tena majaribio ya katikati ya muhula yanavyobana. Sasa yamepita, mengine tumwachie Mungu. Leo nataka tupige stori ya kihistoria, na najua wapo watakaouliza mtu wa mifugo na historia wapi na wapi. Subirini kidogo.

Tangu tupitie magonjwa ya ndege darasani kuna swali limenikaa kichwani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kulizuka Mashariki ya Kati ugonjwa wa virusi unaoshika njiwa. Mwaka 1978 ulikuwa Iraq. Mwaka 1981 ukaonekana Italia. Mwaka 1983 ukathibitishwa Uingereza, na 1984 ukawa umeshavuka bahari hadi Amerika ya Kaskazini. Yaani miaka sita tu. Sasa je, uliwezaje kusafiri haraka namna ile?

Ukimuuliza mtu yeyote atakujibu bila kufikiri: "Si wanaruka!" Njiwa ana mbawa, anaumwa, anaruka, anapeleka ugonjwa, kesi imekwisha. Lakini hebu tulieni tulitazame jibu hilo. Sifa kubwa ya njiwa wa kufugwa ni kwamba anarudi kwao. Mwachie asubuhi, jioni yuko bandani kwake. Ndege wa namna hiyo hahami kutoka Baghdad kwenda Roma kwa hiari yake. Ili afike mbali, lazima kuna mtu amembeba. Hapo ndipo historia inapoanza kuwa tamu.

Tuanze na jina lenyewe. Sisi tunamwita njiwa manga, na wote mnajua Manga ni Uarabuni. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu kwamba huyu ndege wa kufugwa alikuja na watu kutoka ng'ambo, tofauti na njiwa wetu wa porini. Na huko Uarabuni njiwa walikuwa na kazi ya maana kweli. Katika karne ya 12 mtawala Nur al-Din Zangi alikuwa na utaratibu wa posta ya njiwa katika himaya yake ya Sham, na baadaye Wamamluki wa Misri wakauendeleza kwa vituo kati ya Cairo na Damascus. Habari ya vita ilifika kwa sultani kabla ya mpanda farasi hajafunga tandiko.

Sasa angalieni hiyo posta ilivyofanya kazi, maana watu wengi hawalijui hili. Njiwa anajua njia moja tu, ya kurudi nyumbani. Ukitaka akuletee barua Cairo kutoka Damascus, kwanza umchukue njiwa wa Cairo, umtie kwenye tenga, umpeleke Damascus kwa mnyama au kwa mguu. Ndipo afungwe barua na kuachiwa. Kila safari ya mbawa ilitanguliwa na safari ya tenga.

Wazungu nao walifanya vilevile. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter, yule ambaye jina lake leo ni shirika la habari, aliziba kwa njiwa pengo la waya wa simu kati ya Brussels na Aachen ili bei za masoko ya fedha zifike mapema. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yalipouzingira mji wa Paris, njiwa walitolewa mjini ndani ya maputo makubwa ya kurukia angani, wakatua nje ya mzingiro, kisha wakarudi Paris na ujumbe uliopigwa picha ukawa mdogo kabisa. Mnaona? Hata mashujaa wa Paris walitoka mjini ndani ya tenga. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliwadondosha njiwa kwa miavuli kwenye nchi zilizokaliwa na Wajerumani, ili mwananchi atakayewaokota aandike taarifa na kuwaachia warudi Uingereza. Katika medali 54 za Dickin, nishani ya wanyama mashujaa, zilizotolewa kati ya 1943 na 1949, 32 zilikwenda kwa njiwa. Farasi walipata tatu tu, teh teh.

Vita vikaisha, redio na simu zikachukua kazi, njiwa akabaki na michezo. Ubelgiji, Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Poland, mbio za njiwa ni mchezo wa watu wa kawaida: wachimba makaa, wafanyakazi wa viwandani, wastaafu. Utaratibu ni huu. Jioni wanachama wanaleta ndege wao klabuni. Kila njiwa ana pete mguuni, anaandikishwa, anatiwa kwenye tenga pamoja na njiwa wa watu wengine. Matenga yanapangwa kwenye lori. Lori linasafiri usiku kucha, ndege wanakunywa maji kwenye mfereji mmoja. Asubuhi wanaachiwa wote kwa mkupuo, na anayefika kwao kwa kasi kubwa kuliko wenzake ndiye bingwa. Mbio kubwa za kimataifa kutoka Barcelona huwa na maelfu kwa maelfu ya njiwa wa nchi mbalimbali kwa mara moja.

Nilipokuwa namsimulia haya mwenzangu wa chumbani, akaniangalia kwa huruma. "Kaka, njiwa akiumwa si unamla kabla hajafa?" Nikamwambia bwana, mwezi Machi 2019 njiwa mmoja wa Ubelgiji aitwaye Armando aliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya euro milioni 1.2. Novemba 2020 mwingine, New Kim, akauzwa euro milioni 1.6. Piga hesabu ya shilingi mwenyewe. Jamaa alikaa kimya, halafu akaniuliza kama Morogoro tunaweza kuanzisha.

Haya, tuje kwenye kirusi chenyewe. Hiki ni ndugu wa damu wa kirusi cha mdondo wa kuku, ambao wengine mnauita kideri. Nani hapa hajauona? Unaamka asubuhi, kuku wa mama walikuwa ishirini, wamebaki wawili, nao wamesinzia. Mdondo ulielezwa kitaalamu mwaka 1926 katika sehemu mbili zilizo mbali sana: kisiwa cha Java, na mji wa bandari wa Newcastle upon Tyne kule Uingereza. Mtaalamu T. M. Doyle aliupa jina la Newcastle kama jina la muda tu. Mpaka leo dunia nzima inaliita hivyo, jina la muda limepita miaka 90! Dhana ya siku nyingi ni kwamba huko Newcastle ulishuka na meli. Mwaka 1935 ukaripotiwa Kenya, na baada ya hapo sisi Afrika Mashariki hatujawahi kupumua.

Wataalamu wanazungumzia mawimbi matatu makubwa ya ugonjwa huu. Wimbi la kwanza, lile la 1926, lilikwenda polepole na lilichukua miongo kuenea, kwa sababu siku zile kuku walisafiri kwa meli na wengi wao hawakusafiri kabisa. Wimbi la pili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mpaka 1973 lilikuwa limefika karibu kila mahali. Tofauti ilikuwa nini? Ndege ya abiria na mizigo. Kasuku wa kufuga ndani walikuwa wakisafirishwa kwa maelfu kutoka bara hadi bara, na wengi walibeba kirusi bila kuonyesha kitu. Kule California ugonjwa ulioingia mwaka 1971 ulisababisha karibu ndege milioni 12 wauawe, wengi wao kuku wa mayai, kwa gharama ya dola milioni 56.

Wimbi la tatu ndilo la njiwa, na hili ndilo lililowashangaza wataalamu. Kabla ya hapo njiwa hakuwa kwenye orodha ya washukiwa wakubwa. Kumbe mahali fulani kirusi kilitoka kwa kuku, kikaingia kwa njiwa, kikawazoea hata kikawa cha kwao. Leo wataalamu wanakiita paramiksovirusi namba moja ya njiwa. Miaka ya 1980 maabara ya Weybridge huko Uingereza, chini ya watu kama Dennis Alexander, ilitumia kingamwili maalumu zenye uwezo wa kutofautisha virusi vinavyofanana, na ikaonyesha kwamba virusi vya njiwa kutoka nchi mbalimbali ni ukoo mmoja. Haikuwa kwamba kila nchi imepata bahati mbaya yake. Ulikuwa ugonjwa mmoja unaosafiri.

Dalili zake zinasikitisha. Njiwa anaanza kunywa maji mengi na kinyesi chake kinakuwa majimaji matupu. Baadaye kirusi kinaingia kwenye mishipa ya fahamu. Bawa moja linaning'inia, mguu unakosa nguvu, shingo inapinda mpaka kichwa kinaangalia juu. Akitaka kudonoa punje ya mtama anaikosa, anadonoa pembeni, anajaribu tena, anakosa tena. Njaa inamuua huku chakula kiko mbele yake. Wapo wanaopona wakitunzwa na kuwekewa chakula kwenye chombo chenye kina, lakini wengine hubaki na shingo iliyopinda. Njiwa wa mashindano asiyeweza kuinua kichwa sawasawa, kazi yake imekwisha.

Sasa shikeni hii, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Kati ya siku ambayo njiwa ameambukizwa na siku anapoonyesha dalili zinaweza kupita siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki. Katika muda huo anaweza kuwa tayari anamwaga virusi kwenye kinyesi. Bado anapendeza, manyoya yanang'aa, mwenye ndege anasema huyu ndiye nitakayempeleka Jumamosi. Anamtia kwenye tenga na wenzake thelathini, wanakunywa maji ya mfereji mmoja usiku mzima, wanakanyaga kinyesi kimoja. Asubuhi wanaachiwa, na kila mmoja anarudi kwao kwa uaminifu mkubwa, kwenye banda lake, kwa mke wake na makinda yake. Ukikaa mezani ubuni mtambo wa kusambaza ugonjwa kwenye mabanda mia kwa siku moja, utaishia kubuni mbio za njiwa.

Kwa hiyo mbawa zilifanya kazi, sikatai. Ila zilifanya kazi ya mwisho, ya kufikisha mlangoni. Kazi ya kukutanisha wagonjwa na wazima ilifanywa na tenga, lori, soko, mnada na maonyesho. Upendo wa watu kwa njiwa wao ndio uliowakusanya pamoja.

Tukio ambalo watu wa historia wangelipenda zaidi ni la Uingereza mwaka 1984. Ghafla mdondo ukalipuka kwenye mashamba ya kuku ambao hawakuwa wamechanjwa, milipuko ipatayo 20 hivi, tena kwenye mashamba yasiyo jirani. Hakuna lori lililopita kote, hakuna mfanyakazi aliyehama. Wachunguzi wakafuatilia, na kwa mashamba mengi kamba iliishia sehemu moja: bandari ya Liverpool. Kwenye maghala ya nafaka pale bandarini njiwa wa mitaani, wale wasio na mwenyewe, walikuwa wamejaa tele. Waliambukizwa, wakanya juu ya nafaka, wengine wakafia humohumo. Nafaka hiyo ikaenda kutengeneza chakula cha kuku bila kupitishwa kwenye joto la kutosha. Kuku wa mkulima aliye mbali kabisa na Liverpool, ambaye hajawahi kuona njiwa bandani kwake, alikula kirusi kwenye pumba.

Basi bwana, kelele zikawa njiwa, njiwa, njiwa. Lakini kumbukeni mlolongo wenyewe. Kirusi kilitoka kwa kuku kikaenda kwa njiwa wa kufugwa, kikahamia kwa njiwa wa mitaani, kikapita ghalani, kikarudi kwa kuku. Katika kila hatua kuna mlango ambao binadamu aliuacha wazi. Ghala halikuwa na wavu, chakula hakikupata joto, kuku hawakuwa na kinga. Njiwa hakujenga ghala lile.

Kuna jambo lingine la kutisha kidogo. Virusi vya njiwa mara nyingi vikiingia kwa kuku havionyeshi ukali mkubwa mwanzoni. Lakini majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vikipitishwa kutoka kuku hadi kuku mara kadhaa, ukali unaweza kupanda. Ni kama mgeni aliyefika mjini kimya kimya, akazoea mtaa, akaanza kutamba. Ndiyo maana serikali haziwezi kusema hayo ni mambo ya wapenda njiwa, wayamalize wenyewe.

Nini kiliwaokoa? Chanjo, na kukubaliana. Mwanzoni walitumia chanjo za kuku zilizokuwepo, kama La Sota, halafu zikatengenezwa chanjo za virusi vilivyouawa maalumu kwa njiwa, zinazochomwa chini ya ngozi nyuma ya shingo. Sayansi ilipatikana mapema. Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi kila mfugaji achanje, maana mmoja asiyechanja anaweza kuwaharibia klabu nzima. Hapo sheria ikaingia. Uingereza, kwa amri ya magonjwa ya kuku ya mwaka 2003, ilimbana mwandaaji wa mbio au maonyesho ahakikishe kila njiwa anayeingia amechanjwa. Ubelgiji na Uholanzi pia njiwa wa mashindano sharti awe amechanjwa. Angalieni walipoweka kufuli: hawakujaribu kuifunga anga, wamefunga mlango wa tenga. Huchanji, huingii kwenye lori. Nadhani huo ni ushahidi mzuri kwamba waliielewa historia yao.

Msidhani stori imekwisha. Australia, nchi yenye ukali wa ajabu wa kukagua mizigo uwanja wa ndege, ilikaa salama miaka yote hiyo, mpaka Agosti 2011 ugonjwa ulipogundulika jimbo la Victoria. Baada ya hapo ukaonekana kwenye majimbo mengine pia. Halafu mwaka 2016, hukohuko Australia kuanzia upande wa Perth, ukaja ugonjwa mwingine kabisa: virusi vya rota vinavyoharibu ini la njiwa. Mwaka 2018 wataalamu wakavikuta ndugu zake kwenye mabanda ya Ujerumani na Ubelgiji, kwa njiwa wadogo waliokuwa wakitapika na kufa kila msimu wa mbio za chipukizi. Ongezeni kirusi cha sirko, kilichoelezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho hushusha kinga ya njiwa mchanga akabaki wazi kwa kila ugonjwa. Tukio ni lilelile kila mara: ndege wachanga wa mabanda mengi, kinga haijakomaa, wanakutanishwa kwa mara ya kwanza. Sisi tuliosoma shule za bweni tunaelewa. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza nani hakuugua mafua?

Mtasema, sawa, hayo ni ya Wabelgiji na euro zao, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani wanaofuga njiwa kwenye viboksi vya mbao juu ya banda la kuku. Njiwa juu, kuku chini, na kinyesi kinafuata sheria ya Newton. Na ugonjwa wa kuku si mchezo kwetu, maana kuku wa mama ndiye daftari, ndiye nauli ya kurudi chuo. Bahati nzuri kwenye upande wa kuku tuna silaha: chanjo ya I-2, ile inayostahimili joto, tone moja kwenye jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mbegu yake iliandaliwa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na ikagawiwa nchi kama zetu, na Tanzania tunaitengeneza wenyewe. Kwa njiwa, mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yenu akuelekeze chanjo na dozi, usikisie.

Na mambo ya tenga hayahitaji hela. Ukinunua njiwa mpya sokoni usimchanganye na wenzake siku hiyohiyo. Mtenge mwezi mzima, mwangalie kinyesi, mwangalie shingo, mpe maji kwenye chombo chake. Tenga ulilokuja nalo lioshe kwa sabuni na ulianike juani kabla ya kulitumia tena. Nawa mikono, usijifikiche macho ukiwa bandani, maana kirusi hiki kinaweza kumpa mtu macho mekundu siku kadhaa. Njiwa aliyekufa kwa ugonjwa mfukie, usimtupe jalalani kuku wakamdonoa.

Hoja yangu ndiyo hiyo wadau. Wenye mawazo tofauti, hasa ninyi watu wa historia ambao leo nimevamia shamba lenu, karibuni tubishane. Wenye njiwa nyumbani, kabla hamjabishana na mimi, pigeni simu kwanza muulize: huyo njiwa mpya wa juzi ametengwa, au ameshaingia bandani na wenzake?